Boa jike hashiki mimba au kazaa mayai viza: tafuta chanzo kwa kurudi nyuma

Mtu anayefuga boa, yule nyoka anayezaa vitoto hai badala ya kutaga, anakuja siku mambo yameshaharibika. Jike kazaa mayai viza matupu, au dume kakaa naye wiki sita hajamgusa, au vitoto vimetoka na migongo imepinda, afu anauliza sa nifanye nini. Swali langu la kwanza huwa ni moja tu, tarehe zako ziko wapi? Maana boa sio kuku, kuanzia unapoanza kushusha joto la banda ili wapandane mpaka vitoto vitoke unaweza ukamaliza miezi tisa au zaidi, hivo kitu unachokiona leo asubuhi chanzo chake kinaweza kuwa kilitokea miezi mitano nyuma na we umeshakisahau. Kama una daftari tunarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa mpaka tunakipata. Kama huna tutabahatisha, na kubahatisha na mnyama anayezaa mara moja kwa miaka miwili ni kupoteza muda mwingi sana.

Kwa hiyo haya ninayoandika hapa nayapanga kwa dalili, ila kila dalili nitakurudisha ilipoanzia.

Dume hana habari na jike

Kabla ya kitu chochote hakikisha una dume na jike kweli. Najua inaonekana kitu kidogo ila hii ndo nimeikuta mara nyingi kuliko zote, mtu kauziwa "jike" na muuzaji aliyeangalia kwa macho tu, kafuga miaka mitatu, kumbe ana madume mawili. Pembeni ya tundu la haja boa ana vikucha viwili, vya dume kwa kawaida ni vikubwa na vimejikunja kama ndoano, vya jike vidogo na mara nyingi vimejificha, ila usitegemee hilo peke yake. Kipimo cha uhakika ni kile cha kuingiza kijiti maalum chembamba nyuma ya tundu kuelekea mkiani, kwa dume kinazama mbali, kama magamba tisa hadi kumi na mbili, kwa jike kinaishia magamba mawili mpaka matano. Na hicho kijiti usikiguse kama hujawahi kufundishwa ana kwa ana, utamchana ndani na utakuwa umemharibu kabisa. Mpeleke kwa daktari wa wanyama anayejua nyoka au mfugaji mzoefu.

Jinsia ikiwa sawa, angalia umri na mwili. Dume wa miaka miwili hadi mitatu anatosha kabisa, wengine wanaanza hata kabla. Jike mi simpandishi chini ya miaka minne, na kwa hawa boa wa kawaida wakubwa nataka awe amefika kama mita 1.8 hivi, wale wadogo wa visiwani wao ni hesabu nyingine. Dume mnene mvivu hapandi. Na jike mnene ni tatizo kubwa zaidi, nitalirudia huko mbele.

Vyote viko sawa na bado dume kalala kona yake? Basi mara nyingi ni majira. Boa anasubiri ishara kwamba msimu umebadilika, na ishara kubwa ni usiku kuwa wa baridi na mwanga kupungua. Wengi tunashusha usiku mpaka 21 au 23 selsiasi, mchana bado anapata sehemu ya kuota joto ya 28 mpaka 30, mwanga masaa nane hadi kumi, na hali hiyo inaendelea kama miezi miwili au mitatu. Usishushe ghafla, shusha kidogo kidogo kwa wiki mbili tatu. Na tafadhali, acha kulisha wiki mbili kabla hujaanza, chakula kikimkuta tumboni na baridi kinaoza humo humo.

Ukishayafanya hayo na bado kimya, mtoe dume siku nne tano umrudishe, nyunyiza maji bandani jioni, wengine wanaweka gamba lililovuliwa na dume mwingine ili huyu ahisi ana mshindani. Wafugaji wengi wanasema madume wanachangamka mvua kubwa inapokaribia mgandamizo wa hewa ukishuka, na hata kwangu zile siku ndo nimewakuta wameshikana. Ila kuna kitu usikifanye, kuwalisha wakiwa banda moja. Nyoka wawili na harufu ya panya hapo katikati, mmoja anaweza kumkamata mwenzie. Watenganishe, walishe, subiri chakula kitulie ndo uwarudishe. Dume akigoma kula msimu huo wote wala usiogope, ndo kawaida yao, wewe mpime uzito tu kila wiki mbili.

Akianza mluzi wakati wa kupumua, au mate yenye mapovu mdomoni, au analala kainua kichwa na mdomo wazi, hapo habari ya kuzalisha imeisha kwa mwaka huu. Huo ni ugonjwa wa njia ya hewa, umekuja kwa sababu ya baridi pamoja na banda lililolowa bila hewa kupita. Rudisha joto siku hiyo hiyo na muone daktari.

Wamepandana vizuri ila hakuna mimba

Umewaona kwa macho yako, mikia imezungushiana, wamekaa hivo masaa, na imetokea mara nyingi tu. Afu miezi inapita jike yuko vile vile.

Kupandana sio mimba. Jike anaanza kukuza vifuko vya mayai ndani taratibu, vinakua vinakua, afu siku moja vyote vinaachiliwa kwa pamoja, hiyo ndo ovulesheni, na mbegu za dume zinakuwa zimeshangoja humo. Jike asipofika hapo, mayai yanafyonzwa na mwili na unabaki mikono mitupu. Sababu kubwa ninazoziona ni mbili na zinapingana. Moja, jike amekonda, hajajaza akiba ya kutosha, mwili wenyewe unakataa. Pili, jike amenenepeshwa na mwenyewe anayedhani unene ndo afya. Boa mzuri ukimkata kwa mawazo katikati ana umbo kama mkate wa boflo, juu kama paa lililolala, pembeni pamesimama kidogo. Akiwa mviringo kama bomba la maji na akijikunja ngozi inafanya mikunjo na magamba yanaachana, huyo ana mafuta mengi ndani na mafuta hayo yanabana kila kitu, hata asiposhindwa kushika mimba anaweza kushindwa kuzaa. Kumpunguza kunachukua mwaka mzima au zaidi, sio mwezi mmoja wa kumfungia chakula.

Sababu ya tatu ni kumtoa dume mapema. Watu wanaona mikia imeshikana mara mbili wanasema tayari. Mwache, au uwe unamrudisha rudisha, mpaka uone ovulesheni yenyewe.

Sijui kama ana mimba au la

Ovulesheni inaonekana, ila inakupita ukiwa huangalii. Katikati ya mwili, nyuma kidogo ya nusu, panavimba kama amemeza panya mkubwa na wewe unajua hujamlisha. Anakaa vibaya, anajinyoosha, hajikunji vizuri. Kesho yake au keshokutwa imepungua. Piga picha na simu ukiona, na andika tarehe, maana hiyo ni siku ya thamani kuliko zote kwenye mwaka wako.

Wiki mbili mpaka tatu baadae anajivua gamba. Kuanzia siku ya gamba hilo hesabu siku 100 mpaka 120, wengi wanaangukia karibu na 105. Hapa ndo watu wanapotea, na mimi nilipotea. Kuna jike wangu nilihesabu nikafika siku ya 131, hakuna kitu, nimeshaanza kuamini vitoto vimefia ndani, silali, kila saa naenda na tochi. Alizaa siku ya 138, wazima wote. Niliporudi kwenye daftari nikagundua ile ovulesheni sikuiona kabisa, nilikuwa nimesafiri, na gamba nililolianzia kuhesabu lilikuwa gamba la kawaida tu, la kweli lilikuja wiki tano baadae na nililiandika kwa haraka pembeni bila kulipa maana. Kwa hiyo gamba ambalo halikutanguliwa na uvimbe ulioushuhudia lishikilie kwa wasiwasi, usimkimbize kwa daktari akapasuliwe kwa hesabu mbovu.

Dalili nyingine za mimba ni tabia. Anaganda kwenye joto, anageuza tumbo juu au anajilaza ubavu pale pale penye joto, kitu ambacho siku nyingine ungesema anaumwa. Anakataa chakula. Rangi inakuwa nyeusi nyeusi zaidi. Nusu ya nyuma ya mwili inajaa, mkia unaonekana mwembamba ghafla. Ukitaka uhakika ultrasaundi ipo, ni salama, inaonyesha vizuri. Kumbinya binya tumbo kwa vidole kutafuta mayai we acha kabisa, mimba changa inapasuka.

Kazaa mayai viza

Hili ndo linalouma zaidi. Asubuhi unafungua banda, harufu unaipata kabla hujaona, kuna vitu vya manjano vizito kama kiini cha yai la kuku kilichokauka juu, vimelala kwenye maji maji, na katikati yake labda vitoto vinne vinatoa ulimi kwenye utando, au hakuna hata kimoja.

Usitupe. Najua unataka kusafisha usahau, ila hapo ndo kuna jibu lako. Vaa glovu, chukua kimoja kimoja upasue juu ya sahani.

Ukikuta ndani ni manjano tupu, sawasawa mwanzo mpaka mwisho, hakuna mshipa hakuna umbo, basi yai hilo halikurutubishwa kabisa. Rudi nyuma kwenye msimu wa kupandana, tatizo liko kule. Dume labda mchanga, au dume mmoja umemtumia kwa majike matano mfululizo, au dume amekaa kwenye joto kali mbegu zikaharibika, au alitolewa kabla ya ovulesheni. Mayai viza machache pamoja na vitoto vingi wala sio ugonjwa, karibu kila uzazi unakuwa na mawili matatu, mzao wenyewe unaweza kuwa kumi au ukafika hamsini kwa jike mkubwa.

Ukikuta mishipa ya damu, au kitoto kidogo kilichojikunja kama uzi, au kitoto kizima kilichokamilika ila kimekufa, hiyo ni habari nyingine kabisa. Mbegu ilifanya kazi. Kilichowaua ni kitu kilichotokea wakati wa mimba, na mtuhumiwa wa kwanza ni joto.

Mi ilinitokea hivi. Vitoto tisa hai, kumi na nne wamekufa, na wale waliokufa karibu wote walikuwa na ukubwa mmoja, yani walifika mahali pamoja wakasimama. Nikaangalia daftari, katikati ya mimba nilikuwa nimeandika "analala upande wa baridi siku nne, ajabu." Ajabu nimeiandika mwenyewe na nikaendelea na shughuli zangu. Kumbe kile kichwa kinachosoma joto cha thamostati, yani kifaa kinachowasha na kuzima hita, kilikuwa kimechomoka kwenye gundi kimeangukia upande wa baridi, sa thamostati inasoma baridi inazidi kuwasha hita, sehemu ya kuota joto imefika 38. Yule jike alikuwa ananiambia kila siku kwa mwili wake kwamba kule kunaungua. Mwenye mimba anatakiwa apate sehemu ya 31 au 32, upande wa pili uwe 25 mpaka 27 ili achague mwenyewe, na mwenye mimba kupenda baridi siku mfululizo ni kengele, sio ajabu. Tangu siku hiyo kichwa cha thamostati nakifunga kwa waya, na kipimajoto cha pili kinakaa mahali tofauti kisichohusiana na ile thamostati hata kidogo.

Baridi nayo inaua, ila inaua taratibu, mimba inachelewa, vitoto vinatoka dhaifu. Na vitoto kupinda mgongo au kuwa na vichwa vya ajabu, tena kwanza angalia joto kali, afu angalia undugu, kama umempandisha kaka na dada kizazi baada ya kizazi ili upate rangi fulani basi sababu unayo mkononi.

Kamaliza kuzaa ila bado tumbo halijashuka

Jike aliyemaliza anabaki na ngozi imelegea, ubavu umebonyea, ni kawaida. Kama bado kuna uvimbe mgumu sehemu moja, anajikamua hakitoki kitu, au imepita siku nzima tangu kitoto cha mwisho, kuna kitu kimebaki. Usijaribu kukisukuma kwa mkono. Mweke kwenye maji ya uvuguvugu kina kidogo, mwache atembee, na mpigie daktari siku hiyo hiyo. Kitu kikioza ndani unampoteza mama. Nyama nyekundu ikitokeza nje kwenye tundu la haja funika kwa kitambaa safi kilicholowa maji, usiache ikauke, na uende moja kwa moja.

Akiwa mzima, msafishe harufu ya uzazi, badilisha kila kitu bandani, mpe mlo mdogo baada ya siku kadhaa, mdogo kweli, afu ongeza pole pole. Na asipandishwe mwaka unaofuata. Wapo wanaofanya kila mwaka, mi naona ni kumkamua mnyama, na mayai viza ya mwaka wa pili mara nyingi yanatokea hapo.

Vitoto

Kitoto kimetoka na kiini bado kimening'inia tumboni: usikate, usivute. Weka kwenye boksi dogo lenye tishu safi zilizolowa kidogo, joto 29 hivi, kiache, kwa siku moja mpaka chache kitafyonza au kitakauka kidondoke chenyewe. Kilichokwama kwenye utando na kinapumua, utando unaweza kuupasua karibu na pua tu.

Havili? Umevilisha mapema. Subiri vijivue gamba la kwanza, kama wiki moja mpaka mbili, ndo uanze na kipanya kilichoota manyoya, unene usizidi unene wa kitoto chenyewe pale katikati. Boa mchanga mara nyingi ni mlafi, kisipokula weka kwenye kiboksi kidogo cheusi chenye pa kujificha, kitoe mahali watu wanapokiangalia, jaribu usiku.

Kinatapika: hii ichukue kwa uzito. Mlo mkubwa, joto dogo, au umekishika shika kabla chakula hakijatulia. Kila kutapika kunatoa asidi na kunachoma koo, hivo ukirudia kulisha baada ya siku tatu unakimaliza. Siku 14 bila chakula, maji yawepo, afu nusu ya mlo uliopita au pungufu, na subiri tena siku kumi. Watu wanavipoteza hapa kwa huruma, wanaona kina njaa wanakilisha, kinatapika, wanakilisha.

Jike kazaa na hajawahi kuona dume

Inawezekana, usimshuku muuzaji haraka. Kwanza majike wanaweza kuhifadhi mbegu kwa muda mrefu, labda alikutana na dume kabla hajafika kwako. Pili, mwaka 2010 watafiti waliripoti boa jike aliyezaa vitoto visivyo na baba, walithibitisha kwa DNA, na vyote vilikuwa majike.

Anatapika, anakonda, kichwa kinaangalia juu

Nimeacha hii mwisho kwa sababu ikiwepo hayo yote ya juu hayana maana. Boa mkubwa anayetapika mara kwa mara bila sababu ya joto wala mlo, anashindwa kujigeuza ukimlaza chali, anainua kichwa anaangalia juu kama hayupo, anapata maambukizi ya mdomo na ya njia ya hewa kila wakati, huyo apimwe IBD (inclusion body disease), ugonjwa wa kuambukiza wa nyoka. Inaletwa na virusi vya kundi la arena, vilivyotambuliwa mwaka 2012, na haina dawa. Ubaya wake kwa boa ni kwamba anaweza kuishi nayo miaka akila vizuri, anapandana, anazaa, na vitoto vinatoka navyo tayari. Yani dume mmoja mzuri uliyeazimwa na rafiki msimu mmoja anaweza kukumalizia banda zima na usijue mpaka mwaka wa tatu.

Kwa hiyo mgeni yeyote anakaa karantini chumba kingine, siku 90 ndo kidogo kabisa, mi nakaa naye miezi sita, koleo lake, bakuli lake, na yeye nahudumia mwisho. Damu yake inapimwa, na majibu mazuri ya mara moja hayatoshi, rudia baada ya miezi. Utitiri, vile vidudu vyeusi vidogo vinavyozama kwenye bakuli la maji na kujificha chini ya kidevu na kuzunguka macho, unatuhumiwa kuhamisha virusi kutoka nyoka hadi nyoka, hivo ukiuona hata mmoja simamisha kupandisha kote, tibu banda zima sio nyoka mmoja, na rudia tiba maana mayai ya utitiri yanajificha kwenye nyufa. Na aliyethibitika kuwa na IBD hapandishwi tena, hata awe na rangi nzuri kiasi gani, hata awe ndiye uliyemlea tangu akiwa kitoto cha kukaa kwenye kiganja.